Jecha na Kanzu ya Dondo

Kila asubuhi mtaa wa Kikwajuni ulijua Jecha anaogeshwa. Mtoto huyo wa miaka miwili alipiga mayowe kama anayechunwa ngozi. Akivishwa nguo mpya, huivua. Pikipiki ikipita, huziba masikio na kujigonga kichwa ukutani. Majirani walisema amedekezwa. Wanu, mama yake, aliyasikia yote kwa hasira.

Mkwewe, Bi Shemsa, alishakata shauri: mtoto ana pepo, apigiwe ngoma Ijumaa. Machano, baba mtoto, alikubali kwa kumwogopa mama yake.

Ijumaa Jecha akavishwa kanzu iliyotiwa dondo, wanga wa kukazia nguo, ikawa ngumu kama kadi. Ngoma zikalia, ubani ukafuka. Mtoto akalia mpaka akatapika. Mganga akaamuru ngoma zizidi, eti pepo keshapanda.

Wanu akamnyakua mwanawe.

"Mrudishe," alisema Bi Shemsa. "Utamuua."

"Nani anayemuua, mama? Mie au nyie?"

Akaenda moja kwa moja kwa jirani yake, Bi Mwanakheri, muuguzi wa kliniki ya watoto. Bi Mwanakheri akafunga dirisha. Akamvua Jecha kanzu, akamzungushia kanga kuukuu, akamkumbatia kwa mkono mzito uliotulia. Kilio kikapungua, kikaisha. Wanu ndiye aliyelia sasa, kwa hasira.

"Mtoto wako si mtukutu, wala hana pepo," Bi Mwanakheri alimwambia. "Masikio yake na ngozi yake vinahisi kupita kiasi. Kwako ni kitambaa, kwake ni miba. Mnampigia ngoma kwa kuumia?"

Akamweleza la kufanya. Asimshtue, amwambie kabla ya kumgusa. Maji yawe ya uvuguvugu, yaanzie miguuni. Nguo ziwe laini. Kelele zikizidi, apelekwe pahala kimya. Mambo mapya ayazoee kidogo kidogo, bila kulazimishwa. Na ampeleke kwa daktari akapimwe masikio.

Wanu akarudi nyumbani, akaitupa ile kanzu mapajani kwa mumewe.

"Anayetaka mwanangu avae hii, aivae yeye kwanza."

Machano akaupitisha mshono wa ndani shingoni mwake. Akainamisha uso. Kesho yake akachota maji mwenyewe.

"Jecha, maji yanakuja. Miguu kwanza."

Jecha alinung'unika, akakunja uso, lakini hakupiga mayowe. Bi Shemsa alisimama mlangoni akitazama. Siku zikapita hivyo. Jecha bado alikimbia pikipiki, ila sasa alikimbilia kwa mama yake, si ukutani.

Asubuhi ya Idi, Bi Shemsa alileta ile kanzu ya dondo. Ameifua mara nyingi hadi imelegea, tena kaishona upya, mishono yote nje. Jecha akaivaa, akatoka nayo barazani.

Jirani mmoja akacheka. "Bi Shemsa, mjukuu wako kavaa kinyume."

"Kavaa inavyomfaa," alijibu Bi Shemsa kwa ukali. "Una jengine?"