Maziwa ya Shangazi Mukakalisa

Siku ya gulio pale Omurushaka, ndani ya kibanda cha mama ntilie kilichojaa wateja na moshi, Avelina alirudisha sahani kwa mara ya pili.

"Mama, nilisema ndizi na maharage tu. Mchuzi wa nini tena?"

"Ilete huku," alidakia kijana aliyeketi pembeni yake, shati lake limejaa matundu ya cheche. "Mimi naula."

Huyo alikuwa Harerimana, fundi wa kuchomelea vyuma kutoka Mabira. Avelina, fundi cherehani wa Chonyonyo, alivaa gauni la kitenge cha njano alilolishona mwenyewe, likamkaa sawasawa.

"Una maringo, dada."

"Na wewe una njaa ya watu wawili."

Wakacheka. Ikapita miezi mitano ya simu za kila jioni. Kila walipokula pamoja, Avelina aliagiza ndizi, maharage na chai ya rangi. Harerimana alidhani ni maringo tu ya mrembo.

Mwezi Agosti Harerimana akampeleka Rwanda, ng'ambo ya mpaka wa Rusumo, kwa Shangazi Mukakalisa aliyemlea. Shangazi alikuwa amejiandaa: kisamvu cha karanga na mawese, ndizi zilizochanganywa na dagaa, maziwa ya mgando kwenye glasi ndefu. Avelina aliitazama meza, jasho likamtoka. Hapakuwa na chochote asichokiogopa. Kwa heshima akayabugia maziwa. Punde akatoka mbio, akatapika kwenye maua ya shangazi.

Shangazi akatabasamu, tabasamu ambalo Avelina hakulielewa.

Njia nzima ya kurudi Harerimana alimpa kisogo, akitazama dirishani. Amekasirikia maziwa? Maua? Siku tisa hakupokea simu. Ya kumi akapokea.

"Hare, mpenzi, nimekosa nini?"

"Niambie wewe. Ni ya nani?"

"Nini ya nani?"

"Ave, usinifanye mtoto. Mimi sijakugusa hata siku moja. Shangazi anasema mimba haifichiki."

"Mimba? Mimba gani?"

"Maringo hayamtapishi mtu!"

Avelina akakata simu. Alicheka, kisha akalia, kisha akaketi kwenye cherehani na kushona mkono wa gauni mahali pa shingo. Hakujua kama anadharauliwa au anaonewa wivu. Na angeanzaje kueleza kwamba yeye, mtu mzima, anaogopa chakula?

Alimweleza mama yake, Benadeta. Mama hakuuliza mengi. Alimpigia Harerimana na kumwambia aje nyumbani, saa ya chakula cha mchana.

Alifika kwa bodaboda, shati limepigwa pasi, uso umesinyaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Njoo uone." Jikoni palikuwa na sufuria mbili. "Hii kubwa ni yetu. Hii ndogo ni yake tangu ana miaka mitatu. Ndizi, maharage, chumvi. Ukimtilia dagaa au ukimpa maziwa, anatapika. Tumempeleka hospitali, tumemchapa, tumemwombea. Ndivyo alivyo. Hiyo mimba yako ni maziwa ya shangazi yako."

Harerimana akamgeukia Avelina. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenicheka."

"Ningecheka," akakiri. "Halafu ningebeba ndizi mpaka Rwanda."

"Badala yake umenibebesha mimba."

"Nisamehe, Ave. Nataka kukuoa."

"Sijui, Hare. Nimekusamehe, na bado nina hasira, na nilikukumbuka mpaka nikakosa usingizi. Sijui nianze na lipi." Akafuta macho. "Mpigie shangazi kwanza. Weka sauti ya nje, nasi tusikie."

Harerimana akaeleza yote, akibabaika.

"Hakuna mtoto?" Shangazi akauliza. "Na mimi nimeshanunua vishali viwili vya kumfunika! Sasa nimpe nani?"

Avelina akamnyang'anya simu.

"Viweke tu, shangazi," akasema. "Usimpe mtu."