Samaki wa Kwanza wa Papa Georges

Hamadi alikuwa akipiga deki katika ofisi za watu, karibu na Porte de Namur. Korona ilipoingia Brussels, wenye ofisi walichukua kompyuta zao wakaenda kufanyia kazi nyumbani. Sakafu hazikuchafuka tena. Hamadi akaambiwa akae, ataitwa. Mwaka ukapita bila kuitwa.

Yeye na mkewe Warda walikaa Molenbeek, ghorofa ya tatu, vyumba viwili; mtoto wao Shafii alikwisha kuhamia kwake. Warda alizoea kuwa na jiko lake peke yake. Sasa mume alikuwa humo tangu asubuhi, akifunua masufuria na kuuliza chumvi imetosha au bado. Mwanamke alivumilia, lakini kila kitu kina mwisho.

"Baba Shafii," alimwambia siku moja, "chukua fimbo yako uende ukavue. Ukikaa hapa tutagombana bure."

Warda alijua anachosema. Kuvua ndiyo ilikuwa starehe ya Hamadi. Alizaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, na ziwa halikuwa mbali. Marehemu baba yake alikuwa fundi cherehani, lakini siku ya mapumziko hukuweza kumkuta nyumbani, amekwenda kuvua. Hapa Brussels Hamadi alivua kwenye bwawa moja la Auderghem, pembeni ya msitu. Kibali alikuwa nacho. Hata wakati wa korona watu waliruhusiwa kuvua karibu na kwao, mradi wakae mbalimbali.

Bwawani alikuwa na rafiki, mzee wa Kibelgiji aitwaye Georges; Hamadi alimwita papa, yaani baba. Ujanani Georges alifundisha shule Uvira, upande wa Kongo, ng'ambo ya Bujumbura. Kumbe wote wawili ujana wao waliupitisha kando ya ziwa lile lile, kila mtu upande wake. Kiswahili cha Kongo hakijamtoka mzee. Mkewe alikwisha kufa, na hakuwa na mtoto. Ndugu yake alikuwa mmoja tu, dada yake Frieda, mgonjwa wa mapafu. Kila Alhamisi Georges alikwenda kumpikia na kukaa naye.

Wakati ule serikali ilitoa amri. Kila mtu achague mtu mmoja tu wa kumkaribisha ndani ya nyumba bila kukaa naye mbali; kumhudumia ndugu mgonjwa hakukuhesabiwa. Georges angeweza kumchagua jirani yake. Alimchagua Hamadi. Basi kila Jumamosi Hamadi alikwenda kunywa kahawa kwa mzee, na alikwenda amevaa shati lililopigwa pasi.

Sasa sikiliza jinsi mtu mzima alivyojitia matatani.

Baba yake Hamadi alikuwa na desturi. Samaki wa kwanza wa mwaka, aliyemvua hamli mwenyewe. Humpelekea mzee anayemheshimu. Humweka katika mikono yake miwili, kisha huingia jikoni kwa mzee na kumpikia. Kumwacha samaki mlangoni ni kumlisha paka. Hamadi aliishika desturi hiyo miaka yote, hata hapa Ubelgiji, kwa samaki wa baharini. Mwaka uliotangulia watu walifungiwa ndani, akashindwa. Jambo hilo lilimkaa moyoni. Mwaka huu alitaka samaki wa kwanza awe wa Georges.

Lakini bwawa la Auderghem lina sheria yake. Samaki unayemvua, unamtoa ndoana polepole, unamrudisha majini. Haendi jikoni.

Rafiki yake Abeid, dereva wa teksi, alicheka sana aliposikia. "Samaki wa kumpiga busu na kumrudisha, huo ni uvuvi gani? Twende Hollande, baharini. Pwani ya hapa samaki ni wadogo. Mie najua mahali."

Hamadi alijua kuwa kwenda Uholanzi kumekatazwa. Redio ilisema kila siku: hakuna kuvuka mpaka kwa starehe. Kazi, ugonjwa, mazishi, hayo tu. Alijua, na bado alikwenda. Hakuna wa kumsingizia.

Walikwenda Jumanne. Nje kulikuwa na baridi kali, kwa hiyo vioo vya gari vilifungwa njia nzima. Barakoa zao zilining'inia chini ya kidevu. Walikunywa chai kwa kikombe kimoja, wakacheka, wakakumbushana mambo ya Buyenzi. Abeid alikuwa mzima kabisa, hata chafya hakupiga. Hamadi alivua samaki bapa, mnene, wa kujaza sahani. Alimtia chumvi ili akae mpaka Jumamosi. Warda alipouliza, alimwambia ametoka Ostende, pwani ya hapa hapa Ubelgiji, ambako ilikuwa ruhusa kwenda.

Jumamosi Georges alimpokea samaki yule kwa mikono miwili. Macho yake yalilowa. Aliuliza amevuliwa wapi.

"Ostende, papa. Nilienda na treni, peke yangu."

Uongo ulitoka laini, kana kwamba ulikuwa ukingoja zamu. Hamadi akaingia jikoni, akapika kipande kwa nyanya na vitunguu. Mzee alikaa kando yake akisimulia habari za Uvira. Madirisha yalifungwa, barakoa zilikuwa mezani.

Jumatatu simu ililia. Alikuwa Abeid, na sauti yake ilikuwa nzito.

"Nimepima. Niko nayo, korona. Homa tangu Alhamisi. Lakini usiogope, sikukutaja. Wakikupigia, na wewe usinitaje. Ile safari, bon, basi, hatukuenda."

Hamadi alishukuru. Ndiyo, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kushukuru kwamba hakutajwa. Aliketi kitandani, na hapo ndipo alipomkumbuka mzee kando ya jiko.

Alijua la kufanya, lakini mdomo haukufunguka. Angesema nini? Kwamba zawadi ya heshima ilikuwa na uongo ndani yake? Usiku ule hakula. Asubuhi Georges mwenyewe akapiga simu.

"Hamadi, ile samaki yako ilikuwa muzuri sana. Nimebakisha kipande, donc jeudi, Alhamisi, nitapelekea Frieda. Nitamwambia, ni samaki ya kwanza ya mwaka, ya mutoto wangu Hamadi."

Hamadi alijibu, "Karibu, papa." Akakata simu. Alijiona mdogo kuliko mtu yeyote katika jengo lile.

Ghorofa ya chini alikaa Rayhana, Mrundi mwenzao, muuguzi anayezunguka nyumba za wagonjwa. Hamadi alivaa barakoa, akashuka, akasimama mbali na mlango wake.

"Dada Rayhana, kuna mtu ninayemjua," alianza. "Amekaa ndani ya gari na mtu mwenye korona. Lakini huyo mwenye korona siku ile hakuwa na kitu, hata kikohozi. Sasa yule mtu mimi ninayemjua, anaweza kuwa ameipata?"

"Vioo vilikuwa wazi?"

"Vimefungwa. Baridi."

"Na barakoa?"

Hamadi alitazama viatu vyake. Rayhana alikuwa amesikia habari nyingi za mtu-ninayemjua tangu ugonjwa uanze.

"Papa Hamadi, bon, huyo mtu unayemjua nitamwambia hivi. Korona hutoka mwilini hata kabla mtu hajakohoa. Inakaa kwenye hewa ya mahali palipofungwa. Gari, jiko, chumba cha wageni. Kwa hiyo abaki nyumbani kuanzia leo, apime, na mke wake pia. Na awaambie wote aliokaa nao karibu, haraka, kabla nao hawajaenda kwa wengine. Tangu siku ile amekwenda kwa yeyote?"

"Mzee mmoja. Na huyo mzee Alhamisi anaenda kwa dada yake. Dada ana mapafu mabovu."

Rayhana hakuuliza tena habari za mtu-ninayemjua. "Mpigie sasa hivi."

"Nilimdanganya, dada. Nilivuka mpaka. Nikimwambia, nitakuwa nani mbele yake? Halafu polisi."

"Wale wanaopiga simu kuuliza umekutana na nani si polisi. Hawapeleki jina lako polisi, kwa sababu ni siri ya ugonjwa. Kazi yao ni kumwonya aliye hatarini. Na wewe unajua, mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe pengine utapona. Lakini aibu yako isimwue mtu mwingine."

"Nianze na neno gani?"

"Anza na lile linalokutia aibu. Ukishalitoa hilo, mengine yatatoka yenyewe."

Alipanda ngazi. Alianza na Warda, maana naye alikuwa amedanganywa. Warda alisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele, na Hamadi alitamani apige. Alimsogezea simu tu, kisha akaenda kufungua madirisha yote, baridi ikaingia.

Georges aliitika kwa furaha. Hamadi alisema kwa pumzi moja, asije akarudi nyuma.

"Papa, nilikudanganya. Sikuenda Ostende. Nilivuka kwenda Hollande, ndani ya gari la rafiki. Rafiki ana korona. Mimi nilikuja kwako, nikakaa na wewe jikoni. Usiende kwa Frieda, papa. Mpigie daktari wako leo."

Hamadi alisikia saa ya ukutani ya mzee ikigonga.

"Batu bote bale," Georges alisema mwishowe. "Batu bote bale, nilichagua weye."

Simu ikakatika.

Katika watu wote wale, yeye ndiye aliyechaguliwa: maneno hayo yalimchoma Hamadi kama mwiba wa samaki. Alipima, akaonekana anayo. Warda hakuwa nayo, kwa bahati. Alimpa mkewe chumba, yeye akalala sebuleni. Chakula aliwekewa mlangoni, na kila alipofungua mlango akakikuta, aliona kwamba kuwekewa kitu mlangoni si lazima kuwe dharau. Mwanamke yule alikuwa akimpenda kwa mbali, kama ilivyopasa.

Simu ya wafuatiliaji ilikuja. Mwanamke mpole aliuliza kwa Kifaransa amekutana na nani. Hamadi alitaja wote, na Abeid pia. Hakuulizwa lolote kuhusu mpaka. Kisha alimpigia Abeid kumweleza alichofanya. Abeid alikasirika, akamwita msaliti. Kesho yake alipiga tena, sauti iko chini. Alikuwa amekumbuka abiria wake, mama mwenye kitoto kichanga. Naye alikuwa amewapigia wale wafuatiliaji na kusema yote.

Kutoka kwa Georges hakuna neno. Siku moja iliingia simu ya namba asiyoijua. Ilikuwa sauti ya kikongwe, inayovuta pumzi kwa shida. Alikuwa Frieda, na Hamadi hakuwahi kuzungumza naye. Frieda alimwambia kwamba kaka yake alipima siku ile ile aliyoambiwa, akakutwa nayo. Daktari alimfuatilia kila siku. Hewa ilipoanza kumpungukia, alipelekwa hospitali mapema, na madaktari wanasema waliwahi. Yeye Frieda mzima, hakuna aliyeingia kwake. Kisha akasema kwamba samaki hakumwonja, na hakutaka. Hamadi alisema pole, mara nyingi, mpaka kikongwe akamwambia inatosha.

Hamadi alipona. Kupona mwili kulikuwa rahisi. Lakini kila Jumamosi, saa ya kahawa ilipofika, alizunguka chumba akiwa hana pa kwenda. Shati lake lilibaki limetundikwa.

Jioni moja kijana wa ghorofa ya pili alimsimamisha kwenye ngazi. "Tonton, mjomba, kuna mtu ninayemjua," alianza. Hamadi alikaribia kucheka, kisha akakumbuka. Hakumhukumu. Alimweleza kisa chake mwenyewe, cha gari na cha uongo, bila kuficha. Kijana alisikiliza, akarudi ndani kupiga simu. Tangu hapo watu wa jengo lile wakawa wanamwendea. Kila mara alipokisimulia kisa hicho aliona haya upya, na alikisimulia.

Miti ya msitu ilikwisha kuota majani Georges alipompigia. Alisema neno moja tu, bwawani, akataja saa.

Hamadi alifika na barakoa usoni. Mzee alikuwa amekonda. Alikaa kwenye kiti chake cha kukunja, na kiti cha pili alikuwa amekiweka mbali, hatua nzuri kutoka kwake. Hamadi aliketi pale alipowekewa. Walitupa ndoana zao majini.

Mshipi wa Hamadi ukavutwa. Alitoa samaki mdogo, mwenye mapezi mekundu. Alimshika kwa mikono iliyolowa, akamwondoa ndoana. Ndipo akili ikamjia kwamba huyu alikuwa wa kwanza kumvua tangu siku ile ya Hollande. Alisita, hajui pa kutazama.

"Hamadi," mzee aliita. "Huyu umemutoa wapi?"

"Hapa, papa. Auderghem. Mbele ya macho yako."

Georges aliinuka taratibu. Hakusogea. Kutoka pale pale alipo, alinyoosha mikono yake miwili, viganja juu, kama mtu anayepokea.

"Nimemupokea," alisema. "Sasa rudisha yeye kwa maji."

Hamadi alipiga magoti kando ya bwawa, akamwachia samaki.