Kitanda Kilichopokelewa

Kitanda kilikuwa kitupu tangu jana, mgonjwa wake wa kiume alipofariki, lakini shuka lilikuwa na joto. Dada Pole, nesi aliyebandikwa jina hilo kwa kuwapa pole hata waliomtukana, hakulitilia maanani. Katika wodi ile wauguzi hukabidhiana zamu kitanda kwa kitanda, na anayeingia hujibu neno moja tu. Alikuwa amechoka, kazi imemtoka moyoni, mdomo ukajisemea kwa mazoea.

"Nimepokea."

"Umepokea nini, shoga, na hapo hamna mtu?" Mapozi, nesi mwenzake aliyekuwa akimkabidhi, alicheka.

Harufu ya nywele zilizoungua ikapita kati yao.

Tangu hapo mikono ya Dada Pole haikuchoka. Ilipata mshipa kwa sindano ya kwanza, ikageuza wanaume wazito kirahisi kama mito ya kulalia. Kazi ikawa tamu, jamani! Kisha ndugu wa mgonjwa mmoja akamzaba kofi, na mikono ikamdaka, ikamkunja mkono mpaka mfupa ukatokeza nje ya ngozi. Watu walipiga mayowe. Yeye alisikia raha, na raha ile ilimtisha kuliko damu.

"Si mimi," alimnong'oneza Mapozi. "Kuna kitu mikononi mwangu. Naogopa kitamgeukia bibi."

Bibi wa kitanda cha dirishani ndiye pekee aliyemwombea dua kila siku, naye alimpenda kama mzazi.

Mchana bibi akaomba maji, na Dada Pole akammiminia, lakini mikono ikakiachia kikombe, ikaenda shingoni kwa bibi na kuminya, huku yeye akilia, "Nisamehe, bibi, nisamehe," akiing'ata mikono yake mwenyewe mpaka damu ikamjaa mdomoni, akijivuta nyuma kwa uzito wote wa mwili, hadi vidole vikateleza kwa damu, naye akakimbilia chumba cha vifaa na kuitumbukiza mikono yote miwili ndani ya maji yaliyokuwa yakichemsha mikasi.

Sauti nzito ya kiume ikapiga ukelele kutoka kwenye vidole vyake. Mapozi akaja mbio, akamkamata viganja humo humo majini, akamtoa.

Alipozinduka alikuwa amelazwa, bendeji hadi viwikoni. Mikono ilimuuma vibaya, akashukuru, maana maumivu yalikuwa yake. Kwenye kitanda cha jirani bibi alikuwa hai, akikohoa. Mapozi alikuwa akitandika, upesi upesi, viganja vyake havina hata lengelenge.

"Zamu yako si imeisha? Nenda ukapumzike," Dada Pole alisema.

"Nipumzike nini? Leo ndiyo kwanza naipenda kazi hii."

Dada Pole alivikodolea macho viganja vya mwenzake.

"Nesi," bibi aliita kwa sauti iliyokwaruza.

"Bibi, nyamaza! Usimwite!" Dada Pole alijaribu kuinuka, lakini mikono ya bendeji haikumsaidia, akaanguka sakafuni.

"Nakuja, bibi yangu," alisema Mapozi, akivuta pazia.