Kamba Tatu za Gloriose

Kila asubuhi Douce alifungua kliniki ndogo pale Kauma, Lilongwe. Alipiga deki, akachemsha chai, akakaa kwenye kiti chake cha mapokezi. Wagonjwa wenye bima walitibiwa, wakajaza fomu, wakaenda zao. Mwisho wa mwezi Douce alizipeleka fomu kwenye ofisi ya bima ili kliniki ilipwe. Basi. Akangoja.

Mwaka ule wa 2014 malipo yalichelewa mno. Dawa zikapungua kabatini. Siku moja Dokta Théophile, mwenye kliniki, akamwambia, "Douce, mambo ikiendelea hivi, hii kiti nitamupa Gloriose."

Gloriose! Moyo wa Douce uliwaka moto. Gloriose yule yule wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi! Waliimba kwaya moja kambini, na kila Krismasi Gloriose ndiye aliyepewa kuimba peke yake. Sasa alikuwa karani wa kliniki ya meno mtaa wa pili, na bima ilimlipa bila shida.

"Iko na mtu wake kule ndani ya bima," Douce alijisemea. "Haiwezekani bure bure."

Jumamosi akaenda kwenye kliniki ya meno, eti kumsalimia. Kumbe alitaka kumkamata na hila yake.

Alikuta kamba tatu zimefungwa ukutani, moja juu ya nyingine. Vibanio vya nguo vilishika nakala za fomu.

"Siku hizi unafua makaratasi?" Douce aliuliza kwa kejeli.

Gloriose akacheka. "Hizi njo zile bima bado habayalipa. Kamba ya juu ni za mwezi huu. Mwezi ukipita, nazishusha ya kati. Ya chini njo za hatari. Bima iko na muda wake. Ukipita, habalipi tena. Bakilipa, natoa. Na zako ziko wapi?"

"Mi nilishapeleka. Niko nangoja baniite."

"Ala, Douce! Unangoja kama kambini?"

Douce akakumbuka. Kweli, kule Dzaleka dosiye, yaani faili lako, ikishapokelewa, unangoja jina lako libandikwe ubaoni. Ukiuliza sana, unaogopa watakuchukia.

"Bima haiiti mtu," Gloriose alisema. "Kila Jumatatu napiga simu. Mulipokea? Mulikataa? Sababu gani? Kama namba ya mwanachama iko na kosa, nasahihisha, narudisha mbio. Kudai haki si kukosa heshima, dada."

Douce alirudi amenuna. Ushauri wa mtu unayemwonea wivu ni mchungu kama kwinini. Lakini kamba alinunua.

Jumatatu akapiga simu. Lo! Fomu nyingi zilikuwa zimekataliwa zamani. Nyingine hazikuwa na namba ya mwanachama, nyingine hazikuwa na sahihi ya dokta. Hakuna aliyemwambia, naye hakuuliza. Akazisahihisha, akazirudisha. Chache zilikuwa zimepitwa na muda. Hizo zilipotea kabisa. Zilizobaki zikalipwa moja moja, na dawa zikarudi kabatini.

"Dokta, basi kiti ni yangu?" Douce aliuliza.

"Ni yako tangu zamani," Théophile alijibu. "Gloriose nilimwita kabla ya kukuambia, nimupe hii kiti. Alikataa. Alisema, 'Ile kiti iko na mwenyewe. Mumutume kwangu, nimufundishe.' Lakini nilijua nikikutuma, hautaenda. Wivu yako njo ingekupeleka, njo maana nilikutisha na jina yake."

Douce aliona aibu. Na bado, Mungu amsamehe, aliona wivu: hata kwa wema, Gloriose alikuwa amemtangulia.