Mgonjwa Aliyetundika Pazia Mwenyewe

"Hodi, hodi wenye nyumba!"

"Karibuni, mlango uko wazi."

Ilikuwa Jumapili, nimesimama juu ya kigoda natundika pazia la sebuleni, vibanio vitatu mdomoni. Waliingia wanawake watatu. Wa mbele alikuwa mfupi, amejaa kidogo, na saa kubwa ya kiume mkononi. Nyuma yake wasichana wawili, mmoja amebeba mfuko wa machungwa, mwingine chupa ya juisi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Kaeni."

"Hatukai sana. Tumekuja kumwona mgonjwa."

"Mgonjwa yupi?"

"Mama mkwe wa mkataji wetu. Tunafanya naye kazi kwenye karakana ya sare. Utuonyeshe chumba alicholala, tumpe pole tuondoke."

Nikashuka kwenye kigoda taratibu. Nikatoa vibanio mdomoni kimoja kimoja, nikavipanga mezani. Nilihitaji muda wa kufikiri.

"Mama mkwe wake ndiye mimi," nikasema.

Wasichana wakatazamana. Mimi nilikwishaona kwamba mke wa mwanangu kadanganya kazini. Sababu sikuijua, ila namjua binti yule, hasemi uongo kwa kupenda. Kwa hiyo nikaamua kuumwa. Nikashika kiuno, nikakaa kwenye kochi kama mtu anayeshushwa kutoka juu ya lori.

"Pole sana mama. Mwezi uliopita alituambia umelazwa siku tatu. Na juzi juzi ulishindwa hata kushika kijiko."

"Eeh. Kijiko chenyewe kilikuwa kizito."

"Na pazia je?" akauliza mwenye saa.

"Pazia jepesi."

Msichana mmoja akaficha uso kwenye mtandio, mabega yanamcheza. Mwenye saa hakucheka.

"Unaumwa nini hasa, mama?"

"Mgongo."

"Yeye alisema moyo."

"Huanzia moyoni, mwanangu, halafu unashuka."

Akasimama, akaweka machungwa mezani vizuri, moja lililotaka kubingirika akalizuia kwa kidole.

"Mama, nina miaka ishirini na mbili nasimamia watu. Sikuja hapa kumfumania mtu. Nilikuja kwa nia njema, na haya machungwa ni ya nia njema, yaleni. Lakini mkweo nitazungumza naye."

Walipotoka nikamsikia yule msichana akipasuka kicheko barabarani.

Saa kumi wakarudi, mwanangu na mkewe. Mwanangu ni fundi wa mafriji, ana kibanda chake hapo njia panda. Mkewe hakati kitambaa kimoja kimoja kama mafundi wa mtaani. Hupanga matabaka hamsini, huchora kwa chaki, kisha huyapitishia kisu cha umeme yote kwa mara moja. Nyumbani mumewe humwita Mkasi. Yeye humwita mumewe Fundi.

Alikuwa ameshika simu, uso umempauka. Akanipa nisome.

"Mgonjwa wenu nimemwona. Anang'aa kuliko mimi. Kesho saa moja kamili, mezani kwangu."

Huyo ndiye Mama Dakika, yule mwenye saa. Jina hilo wamempa karakana nzima, na mwenyewe analijua.

Nikachukua chungwa, nikaanza kumenya. Mtu akikuona unamenya chungwa hadhani unamsubiri.

"Fundi, sema wewe," mkewe akaanza. "Mimi nilikuapia."

"Mkasi, haya ni mambo yetu wawili."

"Yalikuwa yetu wawili mpaka mama akalazimika kuumwa mbele ya watu. Sema, au navunja kiapo."

Mwanangu akaangalia sakafu. Ana miaka thelathini na nane, lakini pale nilimwona mtoto aliyevunja sahani.

"Ni mimi, mama. Mtoto hapatikani kwa sababu yangu. Walinipima, mbegu zangu ni chache na hazina nguvu. Yeye ni mzima kabisa. Tunatibiwa, tunapandikiziwa. Hizo siku alizosema umelazwa, alikuwa anatolewa mayai."

"Mmejua lini?"

"Miaka miwili sasa."

Chungwa likanishinda. Miaka miwili hiyo mimi ndiye niliyekuwa namletea binti wa watu mizizi ya kuchemsha. Mimi ndiye niliyemwambia mashine zinamkausha tumbo. Naye alikuwa akipokea kikombe kwa mikono miwili na kusema ahsante mama.

"Na ile mizizi ulikuwa unakunywa?"

"Nilikuwa naimwaga kwenye sinki, mama. Nisamehe."

"Unisamehe wewe."

Akanishika mkono. Kisha akamgeukia mumewe, na sauti yake ilikuwa imenyooka kama mstari wa chaki.

"Kliniki nimekwenda mara kumi na moja, Fundi. Wewe umekuja mara mbili, na mara ya pili ulibaki ndani ya gari."

"Ule ukumbi umejaa wanawake. Wote wananiangalia."

"Na mimi huko kazini hawaniangalii? Kila nikitaka asubuhi moja, lazima mama augue. Sindano naficha kwenye friji la kibanda chako, nakuja kuchomwa nyuma ya makasha kama mwizi. Miezi mitano nadanganya watu wanaonipenda, mpaka wananunua machungwa!"

"Basi omba likizo ndefu. Au acha kazi kwanza."

"Siachi. Kazi hiyo nimeipigania miaka tisa. Na Alhamisi saa nne wanaweka kiinitete tumboni, na Alhamisi siiachi pia. Nataka vyote viwili. Kesho namwambia Mama Dakika ukweli."

"Karakana nzima itajua. Watanicheka."

"Watakucheka wiki moja, watachoka."

Mwanangu akatoka nje akaanza kuosha gari lililokuwa safi.

Asubuhi mke wa mwanangu alinikuta nimeshavaa viatu.

"Unakwenda wapi mama?"

"Mgonjwa si ni mimi? Nakwenda kujieleza."

Njiani akaandika ujumbe, akanionyesha kabla ya kuutuma. "Fundi, nakwenda kusema nusu yangu. Nusu yako nimekuachia wewe." Jibu halikuja.

Karakana ni chumba kirefu chenye madirisha ya juu. Safu nne za cherehani, kumi kila safu, na nyuzi za rangi zimetundikwa ukutani kama tasbihi. Mwisho wa chumba ndipo ilipo meza ya kukatia, ndefu ya kutosha kulaza watu wanne, na pembeni yake majora ya kitambaa cha kijani yamesimama. Mama Dakika alikuwa anatusubiri hapo. Akatazama saa yake, ikamridhisha.

"Mama amepona?" akauliza.

"Sikuwahi kuumwa," nikasema. "Jana niliugua kwa nusu saa tu, kwa ajili yenu."

"Nilijua. Haya, mkataji. Sikiliza kwanza mimi. Sare elfu moja na mia mbili, lori Jumamosi mchana. Alhamisi ni siku ya kukata mashati ya mwisho. Usipokata wewe anakata nani? Mwaka jana nilimwachia mwingine, akanikatia suruali themanini zenye miguu yote ya kushoto. Sasa nieleze, huyu mama amekuwa akilazwa wapi?"

"Nilikuwa nalazwa mimi," mke wa mwanangu akasema. "Natafuta mtoto kwa msaada wa daktari. Sindano kila siku, vipimo asubuhi, mara kumi na moja mpaka sasa, na siku wanayopanga wao haisogei. Sikuwa na ujasiri wa kukwambia. Alhamisi nina miadi saa nne. Naomba Alhamisi na Ijumaa. Na kazi yako nitaimaliza."

"Kwa nini ukadanganya? Mimi ni simba?"

Akaitazama simu yake. Ile nusu haikuwa yake.

Basi ndipo nikamwona mwanangu mlangoni, bisibisi bado mfukoni mwa shati. Alipita katikati ya safu za cherehani kama mtu anayevuka mto. Zile mashine zina kelele, ikabidi aanze kupaza sauti tangu mbali.

"Msimamizi! Usimlaumu mke wangu! Mimi ndiye niliyemkataza kusema!"

"Wewe nani?"

"Mume wake! Nilimwapisha! Nilikuwa naona haya!"

Msichana wa safu ya kwanza akaondoa mguu kwenye kanyagio ili asikie vizuri. Wa pili naye. Cherehani zikawa zinanyamaza moja baada ya nyingine kuelekea nyuma, na mwanangu, Mungu amsaidie, hakutambua. Akaendelea kwa sauti ile ile ya kushindana na mashine arobaini.

"KWA SABABU MWENYE MBEGU CHACHE NI MIMI!"

Kipande cha uzi kingeanguka ungekisikia.

Masikio yake yakawa mekundu. Nilidhani atakimbia. Mkewe alikunja ngumi juu ya meza, anamtazama tu. Lakini mwanangu akameza mate, akarudia, safari hii taratibu.

"Ni mimi. Yeye hana tatizo lolote. Kachomwa sindano na kadanganya kwa ajili yangu. Kama kuna wa kufukuzwa, mimi sifanyi kazi hapa, sijui utanifanya nini."

Kutoka safu ya nyuma mwanamke mmoja akaita:

"Pole shemeji! Hata mume wangu! Tulihangaika miaka sita!"

"Sita?" mwingine akadakia. "Na wale mapacha?"

"Ulidhani niliwaokota?"

Kicheko kikapasuka, lakini hakikuwa kicheko alichokiogopa mwanangu. Mama Dakika akainua mkono wenye saa, kikakatika.

"Dakika nne mmeniibia, nyote. Endeleeni." Cherehani zikaanza. Akamgeukia mke wa mwanangu. "Ruhusa utaipata, Alhamisi na Ijumaa. Na barua ya onyo kwa uongo utaipata pia. Nimepanga kazi miezi mitano kwa habari za uongo. Ungeniambia nina asubuhi kumi na moja za kliniki, ningezipanga kumi na moja."

"Naipokea," akasema mke wa mwanangu. "Zote mbili."

"Kitambaa je? Alhamisi yangu nani atanirudishia?"

"Naanza sasa hivi, na kesho na Jumatano nitaanza saa kumi na mbili asubuhi. Nikipata watu wa kunipangia matabaka, Jumatano jioni nitakuwa nimemaliza."

"Sina watu wa kukupa."

"Wapo," mwanangu akasema. Akavua shati la kazi, akabaki na fulana. "Nionyeshe namna ya kupanga."

"Na mimi nina mikono," nikasema. "Hata kijiko naweza kushika."

Siku tatu tulifanya hivyo. Mwanangu alibeba majora, mimi nikanyoosha pindo, mkewe akachora na kukata. Siku ya kwanza mumewe alipanga tabaka zima kitambaa kikiwa kimegeuka ndani nje.

"Fundi, hii siyo friji. Ina mbele na nyuma."

"Mbele ni ipi? Mbona zote kijani?"

"Pitisha mkono. Upande laini ndio wa mbele."

"Kama wewe unavyokuwa asubuhi ukishakunywa chai."

"Na kabla ya chai?"

"Kabla ya chai nachomwa na sindano mimi."

Akampiga na kipande cha kitambaa usoni. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi kuwasikia wakitaniana. Jumatano saa kumi na moja na robo kisu kilizimwa, na kola za mwisho zikafungwa mafungu.

Alhamisi mwanangu hakubaki ndani ya gari. Aliingia, akaketi katikati ya wanawake tisa na mkoba wa mkewe mapajani. Mkewe ndiye aliyenisimulia. Anasema alipotoka alimkuta anamweleza mama mmoja jinsi ya kusafisha mpira wa mlango wa friji, na ukumbi wote unasikiliza.

Jumatatu mkewe alirudi kazini. Wenzake walimbebea majora wiki mbili nzima bila kuambiwa.

Siku ya majibu walikwenda wawili. Simu yangu ikalia saa tano.

"Mama," mwanangu akasema, "mimba haijashika."

"Mkeo yuko wapi?"

"Yuko hapa. Amelia. Nimelia na mimi. Sasa anafuta uso, anasema mashati ya mikono mirefu yanamsubiri."

"Mpe simu."

Nikasikia anavuta pumzi. "Mama, usiwe na wasiwasi. Viinitete viwili vimebaki, vimehifadhiwa. Daktari ametupa tarehe ishirini na mbili ya mwezi ujao. Nimeshamwandikia Mama Dakika."

"Amesemaje?"

"Amejibu maneno mawili. 'Pole. Nimeshapanga.'"

Jioni ya kuamkia tarehe hiyo nilipita kibandani kwa mwanangu. Nikawakuta wote wawili mlangoni, yeye anashikilia karatasi, mkewe anakata utepe wa gundi kwa meno. Mteja mmoja mwenye friji mbovu alikuwa anasoma kwa sauti, kidole kinafuata maneno.

"'Tarehe ishirini na mbili na ishirini na tatu sifungui. Nipo kliniki na mke wangu.' Fundi, shemeji anaumwa?"

Mke wa mwanangu akataka kujibu. Mumewe akamgusa bega.

"Haumwi. Tunatafuta mtoto. Matibabu ni yangu na yake."

"Aa." Yule mteja akakuna kidevu. "Sasa friji langu?"

"Lete tarehe ishirini na nne."

"Nyama yangu itaoza!"

"Basi kaka, kula upesi," mwanangu akasema, akaibana karatasi mlangoni kwa kiganja, pembe zote nne, mbele ya njia panda nzima.