Kidonge Kilichokwama Kooni

Mpaka rangi mmoja alikuwa na haraka kuliko kazi yake. Wenzake walimwita Chapuchapu. Mkewe alikuwa mshonaji, na alifanyia kazi yake chumbani kwao.

Chapuchapu alikuwa akikohoa. Zahanati ilimpa vidonge vya doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, vya siku saba. Siku ya tatu, mchana, alirudi kupumzika. Akatupia kidonge mdomoni, akakimeza kikavu, kisha akajilaza.

"Maji, baba watoto," mkewe alimkumbusha.

"Mate yanatosha."

Muda si mrefu alizinduka, akashika kifua. Jasho lilimtoka.

"Mama watoto, kifua kinawaka. Hata mate hayapiti. Huu ni moyo."

Mkewe aliacha cherehani. Alimwita jirani yao muuguzi. Muuguzi alisikiliza, akamtazama mgonjwa.

"Shemeji, ulimezaje dawa?"

"Bila maji, nikalala."

"Huenda ni kidonge. Lakini maumivu ya kifua hayakisiwi nyumbani. Twendeni."

Njiani mke alimshika mumewe mkono. Aliwaza watoto, aliwaza kesho. Kule zahanati, daktari alimpima mumewe moyo. Dakika zile zilikuwa ndefu kama mwaka.

"Moyo ni mzima," daktari alisema mwishowe. "Kidonge kilikwama njiani, kikaunguza koo kwa ndani."

"Basi vilivyobaki natupa," Chapuchapu alisema.

"Ukiacha katikati, ugonjwa unaweza kurudi. Nakubadilishia dawa. Kunywa na glasi nzima ya maji, ukiwa umekaa wima. Usilale kabla nusu saa haijapita."

"Na tumbo likimchafuka?" mke aliuliza.

"Hii anywe baada ya kula. Akiharisha sana, mrudi. Akivimba midomo au pumzi ikibana, msingoje hata kidogo. Na dawa yake asimgawie mtu, hata mwenye kikohozi kama chake."

Siku mbili alikula uji tu, tena kwa kukunja uso. Kila saa ya dawa mkewe alisimama mbele yake mpaka glasi ikauke. Chapuchapu alinung'unika, "Nimeoa askari." Lakini alikunywa.

Dozi ilipokwisha, kikohozi kilikuwa kimekoma. Jioni hiyo alimaliza sahani ya wali bila kushika kifua, akaomba nyingine. Mkewe aligeukia sufuria, apate kufuta machozi.