Asumini Kabla ya Ijumaa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Badria humwagilia mwasumini wake uliopandwa kwenye ndoo kuukuu ya rangi, barazani, ghorofa ya tatu, Kariakoo. Jumanne hiyo aliukagua kwa wasiwasi. Matumba yalikuwa mengi, lakini yote yamefumba.

Ijumaa shangazi yake, Siwema, angeolewa. Badria alikuwa amemwahidi kikuba cha nywele cha asumini ya mti huo, kwa kuwa ulitokana na tawi la mwasumini wa uani kwa marehemu bibi, Ilala.

"Joto litayafungua," alijiambia. Akaikokota ndoo mpaka jikoni, akaiweka ubavuni mwa jiko la mkaa.

Kaka yake, Uledi, alicheka. "We Badria, unapika pilau ya maua? Usisahau binzari!"

"Nenda zako huko!"

Aliporudi kutoka shuleni, majani yalikuwa yamenyauka. Nusu ya matumba yalikuwa sakafuni.

"Sema panya wameyala," Uledi alimnong'oneza.

Badria aliyakusanya, akayatia mfukoni. Kisha akabisha mlango wa jirani yao, Mama Amit, ambaye hukuza maua ya sala za Kihindu dirishani.

"Shikamoo, Mama Amit."

"Marahaba, binti. Mbona macho mekundu?"

Badria alimweleza. Mama Amit akaja kuutazama mti.

"Umeuchoma, mwanangu. Ua hubembelezwa. Uweke ndani, dirishani, upate jua bila upepo. Mwagia maji ya uvuguvugu. Mchana ufunike kwa nailoni inayopitisha mwanga, jioni ufunue upumue."

"Na shangazi je?"

"Hilo mimi siwezi kulifunika kwa nailoni."

Jioni ileile Badria alimwendea shangazi, akamwaga matumba makavu kiganjani mwake. "Ni mimi, shangazi. Niliuweka karibu na moto."

Siwema aliyageuzageuza kwa kidole. Kisha akasema, "Haya. Kesho nitaagiza sokoni mrehani na mkadi vya kujazia kikuba. Wewe tunza yaliyobaki."

Ijumaa asubuhi maua kumi na matatu yalikuwa yamechanua, meupe, yakinukiza chumba kizima. Badria aliyafunga pamoja na mrehani na mkadi. Kikuba kikajaa.

Siwema aliinama ili mpwa wake amchomekee kikuba nywelani.

"Ungenificha, leo ningetoka na kichwa kitupu," alisema. "Kosa likisemwa mapema, watu hupata muda wa kulitengeneza. Kumbuka hilo, Badria. Sasa kaza pini, wageni wamefika."